Neno la Siri Uliloniachia

Marahaba, mume wangu.

Najua hujaniamkia. Jana umetoka hapa bila kuaga, umebeba chaja ya simu tu, na mlango umeubamiza mpaka kuku wakaruka. Lakini mimi ni mtu mzima, naitikia hata salamu ambayo haijafika. Marahaba.

Anayeandika ni Zuhura, hilo utaliona kwa mwandiko. Amekaa kwenye kigoda changu, karatasi ameiweka juu ya ule ubao wake wa kukatia nguo. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Yeye kaanza kwa kuniuliza aandike kwa nani, maana barua huanza na jina la anayeandikiwa. Nikamwambia andika mume wangu. Akasema, "Hilo si jina, Mama Mwenyekiti." Nikamwambia andika hivyo hivyo, na sababu utaiandika mbele ya safari. Na wewe usiniharakishe. Mambo haya yamenichanganya mimi mwenyewe, sijui hasa yanaanzia wapi.

Najua uko Usagara kwa rafiki yako fundi pikipiki. Najua pia umemwambia kwamba basi la kesho hulipandi, unaahirisha tena, na wa Mbeya waliokupa kazi wakitaka wasubiri. Hawatasubiri. Ulipoahirisha mara ya kwanza walikwambia hakuna ya pili, nilikusikia ukiongea nao uani. Begi lako nimeshalifunga. Mume wa Zuhura analileta jioni hii, na barua hii iko juu ya nguo ili usije ukasema hukuiona. Basi linapita hapo hapo njia panda. Ukimaliza kusoma na bado unataka kubaki, utakuwa umeamua kama mwanaume. Lakini usome mpaka mwisho.

Sikuambii habari ya sweta, wala kula, wala kulala mapema. Wewe si mtoto, na kama hujajua mpaka leo basi mimi nimefeli na karatasi haitasaidia.

Nianze na jana.

Wanawake wa kikundi chote cha maziwa walikuwa wamejaa sebuleni kwangu, mashine, ile kompyuta ya kikundi, iko juu ya meza ya televisheni, na wewe umesimama mbele kama mchungaji siku ya ubatizo. Ulinipendeza, nikwambie kweli. Ukasema, "Akina mama, kila mmoja ana neno lake la kuingilia. Lakini lile neno kuu la siri, la kubadilisha kila kitu na hata kufuta, analo mwenyekiti peke yake."

Mama Bahati akadakia, "Na Zuhura je? Si ndiye anayeandika?"

Ukamjibu, "Anayeandika hashiki ufunguo, mama. Si ndivyo mnavyofanya na sanduku la kikundi?"

Wakaitika wote. Hata mimi niliitika. Kisha ukaniinamia, ukaniwekea sikio mdomoni. "Haya bibi, ninong'oneze, nihakikishe unalo."

Nikanyamaza.

"Lile nililokwambia juzi."

Nikanyamaza.

Mama Bahati, unamjua mdomo wake, akasema, "Amesahau huyo. Uzee umepiga hodi." Wakacheka. Wewe hukucheka. Ukaninong'oneza sasa wewe, "Ni jina langu, bibi. Nilichagua jina langu ili usisahau. Litaje tu." Mimi nikawa naitazama chupa ya chai kana kwamba ndiyo kwanza naiona. Ukanyanyuka, na mbele ya watu wote ukauliza, "Au hutaki niende?"

Na hilo nalo sikulijibu.

Ukanifuata jikoni walipoondoka. Maneno uliyoniambia jikoni sitaki Zuhura ayaandike yote, lakini moja aliandike. Ulisema, "Hujawahi kuniita kwa jina, tangu nizaliwe. Nilidhani ni utani. Hivi unalijua kweli?" Kisha ukasema huwezi kumwachia mashine mtu asiyeweza kuifungua, kwa hiyo huendi. Mlango ukalia. Kuku wakaruka.

Mume wangu, nimekaa na swali lako usiku na asubuhi. Nitalijibu. Lakini lazima nipite kwanza kwenye mashine, maana huko ndiko tulikoanza kutoelewana bila kugombana.

Unakumbuka kwa nini mashine ilikuja. Ng'ombe akichomwa sindano ya kiwele, maziwa yake hayaingii kwenye pipa la kikundi mpaka dawa iishe mwilini. Sisi tulikuwa tunamfunga kitambaa chekundu shingoni, na mimi nakumbuka kichwani nani amefungwa lini. Nilijivunia sana kichwa hiki. Watu wakisema waandike, nawaambia andikeni nyie mnaosahau. Basi yule ng'ombe wa Mama Bahati kitambaa chake kilidondoka, au mbuzi alikila, hatujui. Mama Bahati akaniuliza, "Huyu wangu ameshamaliza dawa?" Nikafikiri kidogo nikasema ameshamaliza. Nilikuwa namfikiria ng'ombe mwingine.

Mtindi wa pipa zima haukuganda. Tuliusubiri, tukaufunika blanketi, tukauhamishia karibu na jiko, bado ni maji ya maziwa tu. Mmoja wetu akaanza kusema tumefanyiwa jambo, aitwe mtaalamu aje aangalie. Wewe ukaja, ukanusa, ukasema, "Ni sindano hiyo, bibi. Dawa imeua kile kinachogandisha." Na jioni yake mtoto wa Zuhura, yule ambaye hospitali walishasema asipewe dawa ya aina hiyo, akatoka vipele mwili mzima. Alipona, tunamshukuru Mungu. Zuhura hapa amesimamisha kalamu. Ananiambia alishasahau. Hajasahau, na mimi sijasahau, andika.

Ndipo ukasema kikundi kinahitaji kanzidata. Nikasema sawa, hata kabla sijauliza ni nini. Ungesema tunahitaji twiga ningesema sawa.

Ukaleta ile kompyuta ya steshenari iliyofungwa. Ilikuwa inawaka kwa kuugua, feni inalia kama mtu mwenye pumu. Ukasema utafuta kila kilichomo ndani. Ukafuta. Nikakuuliza, "Sasa kimebaki nini?" Ukasema, "Hakijabaki kitu, bibi, ni tupu." Nikasema basi umeiharibu. Ukacheka. Ukasema utaweka Linux, programu ya kuiendesha, na kwamba Linux ni ya bure.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Bure ya nani?

"Watu tu, bibi. Wengi. Mmoja yuko huku, mwingine kule, kila mtu anaandika kipande chake anawaachia wengine."

"Wanatujua?"

"Hawatujui."

"Wanataka nini kwetu?"

"Hawataki kitu. Ukiweza kutengeneza palipoharibika, unatengeneza, na wewe unawaachia."

Mimi nilipokuwa msichana watu walikuja kwa ngoma kukulimia shamba lako, wakaimba mpaka likaisha. Lakini ulijua unawapikia, na ulijua zamu ijayo na wewe unakwenda kwao na jembe lako. Hawa wako hawaji hata kula. Nimelifikiria jambo hilo wakati wa kukamua, nimelifikiria kanisani, bado halijaniingia. Nasema tu kwamba nawapa asante yao, popote walipo, na kama wana bibi zao, basi wamelelewa.

Kisha ukasema sasa unaweka kanzidata yenyewe, lile ghala la kumbukumbu, inaitwa Postgres. Nikavuta kiti nione inavyowekwa. Ukabonyeza, maandishi yakateremka kwenye kioo cheusi kama mvua kwenye bati, ukasema tayari. Nikangoja. Hakuna kilichoingizwa. Ulipokwenda kuoga niliinua pembe ya mashine kidogo. Uzito ni ule ule. Sikukwambia.

Na ule mchezo wa mwenye nyumba nao. Uliniambia mle ndani kumetokea mtumiaji anayeitwa postgres, na huyo ndiye mkubwa wa ghala. Nikauliza kazaliwa na nani. Ukasema hajazaliwa, mashine imejitengenezea yenyewe. Haya. Kesho yake nakuta umeshika tama. "Vipi?" "Imeninyima ruhusa, bibi. Faili si langu." "La nani?" "La postgres." Yaani mtu asiyekuwepo anakukatalia wewe unayemlipia umeme. Ukabonyeza neno moja la kusema kwamba wewe sasa unaongea kama mkubwa, na mashine ikakubali. Nikasema kimoyomoyo, kumbe mambo haya ni ya kwetu kabisa: kazi ile ile, ombi lile lile, kinachoangaliwa ni nani anaomba.

Hata ulipogawa ruhusa niliona hivyo. Mama Bahati alinuna wiki nzima. "Kwa nini Zuhura aandike, na mimi nisome tu?" Nikamwambia, "Kwa sababu Zuhura akiulizwa jambo hajibu kabla ya kuangalia." Na mimi nikajisikia vibaya, maana aliyejibu kabla ya kuangalia nilikuwa mimi.

Siku umeme ulipokatika ndiyo nisiyoisahau. Ulikuwa umeshaingiza ng'ombe wote, kila mmoja na mama anayemfuga na sindano zake. Taa zikazima, zikarudi, mashine ikaamka imechanganyikiwa, na ng'ombe wetu hawapo. Ulisema ulikuwa bado hujaweka nakala popote. Hukula ugali siku ile wala iliyofuata. Ulilala ukiangalia ukuta. Ukawapigia wa Mbeya ukaomba usogezewe siku. Mimi sikuwa na la kukufundisha, hata hapo palipoharibika sikupaona. Nilikuja nikakaa kitandani kwako nikakwambia, weka ng'ombe wangu mmoja tu, yule mweusi, halafu ulale. Ukaniambia mmoja hasaidii kitu. Nikasema najua, muweke. Ukaamka, ukamweka. Halafu ukaweka na wa jirani. Mpaka adhuhuri ya kesho yake ulikuwa unaniuliza chai iko wapi kama bwana mkubwa. Na tangu hapo kila jioni nakala inakwenda kwenye flashi inayoning'inia kwenye msumari wa kalenda. Lakini anza na ng'ombe mmoja, hiyo ndiyo elimu pekee ya kompyuta niliyonayo, mume wangu, na ni yangu mwenyewe, hukunipa wewe.

Sasa jina.

Nilipoolewa, mama yangu hakunifundisha kupika, alisema huko watanifundisha wanavyopenda wao. Alinishika mkono mlangoni akaniambia neno moja: baba mkwe wako ana jina, na jina hilo mdomoni mwako halipo. Sikuuliza kwa nini. Kwetu mke haulizi hilo, kama usivyouliza kwa nini unavua viatu. Nilipokwenda kumwita kula nilisema, "Huyo wa kwenye kiti, chakula tayari." Nilipoulizwa mimi ni mkamwana wa nani, nilimtazama mtu mwingine anijibie. Kwa Kisukuma changu na kwa Kiswahili changu, neno lile nililizunguka kama shimo la choo cha zamani, usiku na mchana, mpaka miguu ikazoea yenyewe.

Na hakuwa mtu mbaya. Usije ukafikiri ni woga. Nilipougua kifua baba yako akiwa tumboni, babu yako yuko safarini na ng'ombe, mzee yule alinipakia kwenye baiskeli yake akaisukuma kwa miguu mpaka zahanati, njia nzima ananiambia, "Mama, usilale, mama, usilale." Aliniita mama. Mimi sikuwa na cha kumwita. Nilimshika koti.

Alikufa. Baba yako akakua, akakuzaa wewe. Nilikuwa wodini, wewe uko mikononi mwangu, umefungwa khanga yangu ya kijani. Nesi akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Baba yako akalitaja jina la babu yake, yule baba mkwe wangu, kwa furaha, hakunitazama. Yeye ni mjukuu, kwake jina ni jina. Nesi akaandika. Na mimi nikajua nimekabidhiwa mtoto nisiyeweza kumwita.

Nikakuita mume wangu. Kila bibi humwita mjukuu wake hivyo, basi likapita, watu wakacheka, na wewe ukakua ukijiona una mke. Baba yako alipohamia kwenye migodi ya Geita, mama yako naye akaenda kwao, ukabaki na mimi, na nyumba nzima ikawa haina mtu wa kukuita jina. Siku ya kukuandikisha shule mwalimu akaniuliza jina la mtoto. Nikakusukuma mbele. Nikasema, "Ana mdomo, muulize." Mwalimu alinisifu. Alidhani nakufundisha kujitegemea.

Unakumbuka Kigongo? Ulikuwa mdogo, daraja bado halijajengwa, tunasubiri kivuko twende Geita kumwona baba yako. Nimegeuka kulipa tiketi, nikigeuka tena hupo. Watu wamejaa, magari, mizigo, na maji yako pale. Mama mwingine angepiga kelele jina la mwanawe. Mimi nilifungua mdomo na kilichotoka ni, "Mume wangu, mume wangu." Wanaume wote wakageuka. Dereva mmoja wa lori akaniambia, "Shangazi, huyo mzee kama amekukimbia mwache." Mimi nalia, wao wanacheka, wanatafuta mzee. Muuza sato wa kukaanga ndiye aliyeuliza, "Anafananaje?" Nikaonyesha kwa mkono kimo chako. Ulikuwa nyuma ya meza yake, umekaa chini, mdomo umejaa mkia wa samaki.

Nilikuchapa siku ile. Ulifikiri nimekuchapa kwa sababu ya samaki.

Kosa langu ni kwamba sikukuambia. Nilidhani unajua. Jambo hili kwangu ni kama kujua chini na juu, sikufikiri kuna mtu anahitaji kuambiwa, na kumbe mtoto wa hapa Mkolani aliyekua na televisheni na shule atalijulia wapi? Wewe ulikuwa unaniona nanyamaza tu. Na nilivyo mkali wa mdomo kwa kila jambo, ukaona nimekosa neno kwako tu. Huko uendako utawawekea watu mashine zao, na utawauliza maswali, na wengine watanyamaza. Usiwe mwepesi kusema hajui huyu. Mtu anaweza kuwa nalo jambo lote, limemjaa mpaka hapa, na akakutazama kama gogo.

Juzi uliponiambia neno kuu la siri ni jina lako, nilipaswa kusema pale pale, badilisha. Nilitaka. Lakini ulikuwa umefurahi. Ulisema, "Hili huwezi kulisahau, bibi." Nikaona nitapata njia mpaka siku ifike. Siku ikafika, njia sikupata.

Sasa hapa ndipo penye kunichanganya hasa, na Zuhura naomba usiandike haraka.

Uliniuliza, au hutaki niende. Hilo halikuwa na mwiko wowote. Ningesema nenda, neno fupi, nalitumia kwa kuku kila siku. Mdomo ulikuwa umeshafungwa na jina, na uliponiuliza hilo la pili nikaona ni nafuu ukae hivyo hivyo umefungwa. Uliposema huendi, kuna kitu ndani yangu kilikaa chini kikapumzika. Nimelala nikijiambia ni heshima ya mzee iliyoninyamazisha. Nimeamka sijui. Sijui kama mzee alikuwepo pale sebuleni hata kidogo au nilimsingizia. Nimejaribu kupembua kama mchele na vyote vina rangi moja. Nakutaka Mbeya, nakutaka hapa. Nikikuwaza umevaa kitambulisho shingoni kwenye ofisi yao, moyo unapanda. Nikikuwaza umekaa kitako hapo uani unaimenya miwa, moyo unapanda vile vile. Mtu afanye nini na moyo wa namna hiyo.

Zuhura alipokuja asubuhi na ndoo yake nilimwambia. Hakuna mtu nimewahi kumwambia. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Yaani Mama Mwenyekiti. Si ulitaje tu, mzee mwenyewe alishakufa zamani."

Nikamwambia, "Kufa ni kwake. Mimi bado ni mke wa mwanawe."

Akaacha kucheka. Akafikiri. Akasema, "Mdomo hauruhusiwi. Na kidole?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa habari ya kidole. Mama yangu hakusema lolote juu ya kidole.

Tukakaa kwenye mashine. Zuhura akafungua kile kioo cheusi kwa ile karatasi uliyoibandika ukutani, akanakili ulivyoandika, mashine ikauliza neno la siri. Akaanza kunionyesha kitufe kimoja kimoja, hilo, sasa hili, kwa kuwa jina lako analijua kila mtu mtaani isipokuwa mdomo wangu. Nikabonyeza cha kwanza. Kioo kimya. Nikabonyeza cha pili. Kimya.

"Haishiki," nikasema.

"Inashika. Neno la siri halionyeshi likiandikwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Inalipokea tu, inanyamaza."

Niliondoa mkono nikakaa nikaitazama. Miezi yote hii sijaielewa, si mtumiaji wake asiyezaliwa, si bure yake, si uzito wake. Lakini hilo sikuhitaji kuelezwa. Mashine ina adabu. Nikarudisha kidole nikalimalizia jina lako, taratibu, lote, mara ya kwanza maishani mwangu. Hakuna aliyelisikia, hakuna aliyeliona. Ghala likafunguka.

Sasa Zuhura alikuwa amelijua neno, na anayeandika hashiki ufunguo. Kwa hiyo tukalibadilisha. Alisoma ukutani ulivyoandika namna ya kubadilisha, akaibonyeza ile mistari, mashine ikaomba neno jipya, na yeye akageukia ukutani kama mtoto anayecheza kibe, anayesubiri wenzake wajifiche. Mimi sijui herufi. Nikapita kwenye vitufe kwa njia yangu mwenyewe, vidole vimetembea kama ninavyopanda mihogo, huku, kule, kurudi katikati. Halisomeki kwa lugha yoyote. Hata mimi sijui linasemaje, najua linakopita. Mashine ikaomba nirudie, ihakikishe. Nikarudia, ikakataa, hayafanani. Hapo nilikosea kweli, shina moja la mhogo nililiruka.

Tukaanza upya. Nikapita njia ile mara ya kwanza, vizuri. Nikapita mara ya pili, kitufe kwa kitufe, mpaka kikabaki kimoja. Na kidole kikasimama hewani.

Nikaona wazi, bila kuchanganyikiwa, kitu kimoja kwa siku zote hizi. Nikibonyeza cha pembeni, mashine itakataa. Nitasema nimeshindwa, mimi mzee, sijasoma, nani atanilaumu. Na wewe utabaki. Zuhura amegeukia ukuta. Hata yeye asingejua, na sasa ndiyo anasikia, ndiyo maana mwandiko hapa umeyumba.

Nikabonyeza palepale. Ikakubali.

Basi huna tena cha kukuweka hapa, mume wangu. Asubuhi simama njia panda mapema, upande wa kivuli, na likija panda.